Msiba Usiotulia na Hofu Isiyokoma



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya majonzi na hofu. Hapa Arusha hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Dominika ya tarehe 5 Mei 2013, bomu lilitupwa kati ya waamini waliokusanyika Olasiti kwa uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Watu 3 walifariki na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva.

Baada ya misiba ya namna hii, mambo mawili huweza kukaa ndani ya mtu mmoja. La kwanza ni kiwewe: tukio humrudia usingizini na hata mchana, mwili hushtuka kwa mlio mdogo, naye hukwepa kila kinachomkumbusha. La pili ni majonzi yasiyotulia, yaani kumtamani marehemu mwaka hadi mwaka, kana kwamba mlango utafunguliwa aingie. Shirika la Afya Duniani limeyaweka majonzi hayo katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Tumfikirie mama aliyefiwa na mtoto barabarani. Hakuwapo kwenye ajali, lakini akili imemchorea picha yake. Kila anapomwita mwanawe moyoni, hamjii yule aliyekuwa akicheka jikoni, bali linamjia gari lililopondeka. Basi anaficha sare na daftari, anapita njia nyingine, haendi kaburini. Hofu inapungua kwa saa moja, ila maombolezo hayasogei, kwa kuwa hawezi kumlilia mtu asiyethubutu kumkumbuka. Hamu inazidi, na hamu hiyo ndiyo inayoirudisha ile picha.

Lipi kati ya mawili haya hutangulia? Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia ndugu wa waliokufa katika ndege ya Malaysia iliyotunguliwa Ukraine mwezi Julai 2014, ikiwa na watu 298. Waliona kwamba majonzi makali yalitangulia kuongezeka kwa kiwewe, zaidi kuliko kinyume chake. Sisi aghalabu hungoja hofu iishe ndipo tuuguse msiba.

Nakiri kwamba nasi mapadre tumechangia. Mara ngapi tumesema makaburini, "Mungu amempenda zaidi", kisha tukaondoka? Matanga yakiisha mama huambiwa ajikaze. Akilia tena mwaka ujao, hunong'onwa kwamba hana imani.

Ombi langu ni dogo. Mrudieni mwezi wa sita, na mwaka wa pili, mkalitaje jina la mtoto. Msimlazimishe kusimulia ajali. Mwulizeni mtoto alipenda chakula gani. Akitaka kwenda kaburini, mmoja wenu amsindikize, akae naye hadi hofu ishuke. Asiyelala, asiyekula, au anayetamani kufa, apelekwe upesi hospitali kwa daktari wa magonjwa ya akili, wala asiambiwe kwamba amerogwa.

Kwa watu wa Olasiti jambo hili lina uzito wa pekee: mahali pa hofu yao ndipo pia wanapowaombea marehemu wao. Anayesimama langoni wakati wa Misa huenda si mvivu wa ibada. Mpelekeeni kiti huko huko.