Ritifaa: Mhadhara kwa Watahiniwa wa Usalama wa Kompyuta



Alama ile ndogo tuiitayo ritifaa, ambayo waliosanifu maandishi yetu waliiweka ili ng'oa, ya kung'oa mti, isisomwe ngoa, ile ya matamanio, ndiyo maudhui yangu jioni hii. Kwani katika SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata ambayo Chamberlin na Boyce waliiasisi katika IBM mwaka 1974, alama iyo hiyo ndiyo ukuta utengao amri ya mwenye programu na maneno ya mgeni.

Tazameni amri hii: SELECT * FROM wateja WHERE jina = 'Asha'. Mwandishi wa programu aliyeiunga kwa kubandika tu chochote mgeni alichokiandika hana shida na Asha. Akija Ng'ang'a, ritifaa ya kwanza hufunga ukuta kabla ya wakati, herufi zilizosalia humwagika nje, na hifadhidata hulalamikia sarufi. Masikini Ng'ang'a huambiwa jina lake ni batili, hali kilicho batili ni programu. Mwenye hila huisoma ile lalama kama bishara, akaandika ' OR '1'='1, na kwa kuwa moja haikosi kuwa moja, sharti hutimia kwa kila safu, wateja wote wakamwagwa mbele yake. Aliye hodari zaidi huambatisha jedwali jingine kwa neno UNION. Na ukurasa usipomwonyesha kitu, huiamuru hifadhidata ingoje sekunde 5 iwapo dhana yake ni kweli, kisha kimya kile akakihesabu kuwa jawabu.

Wengi hudhani dawa ni kuharimisha ritifaa. Sikubaliani nao: mbali na kumdhulumu Ng'ang'a, mahali panapotakiwa nambari hapana ukuta wa kubomolewa, na 7 OR 1=1 hupita salama salimini. Dawa ni maswali yaliyotayarishwa, ambamo amri hutangulia ikiwa na nafasi tupu, jina = ?, hifadhidata ikaifasiri ikamaliza, ndipo jina likaletwa, nalo haliwezi tena kuwa ila jina.

Dawa hii si ngeni. Hata hivyo, mwaka 2015 taarifa za wateja 156,959 wa TalkTalk, kampuni ya simu ya Uingereza, zilichukuliwa kwa hila ile ile ya kupenyeza amri, kupitia kurasa kongwe ilizozirithi iliponunua biashara ya Tiscali nchini humo. Mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000.

Basi mtihani ukiwatajia usimbaji, ukuta wa moto, uchujaji wa herufi na maswali yaliyotayarishwa, ukawauliza kinga ya kwanza ni ipi, chagueni hilo la mwisho. Na mazoezi yenu fanyeni katika mitambo yenu wenyewe, au kwa idhini iliyoandikwa na kutiwa sahihi.