Wakigonga usiku: polisi, mlango wako na karatasi ya hakimu



Haya ni maneno niliyozungumza na mama zetu na vijana wa mtaa baada ya Swala ya Alasiri. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, ili wewe uliyekosa usome, kisha uwasomee wa nyumbani.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, saa nane za usiku, mlango wa kwetu uligongwa mpaka kitasa kikalegea. Mama akafungua. Wakaingia watu, wengine na sare, wengine kiraia. Mimi nikasimama katikati ya sebule nikapaza sauti: "Waranti iko wapi? Bila waranti hamuingii!" Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwenye video. Nikasukumwa ukutani. Wakapekua kwa muda wa saa nzima, wakaondoka na laptop ya kaka yangu, simu mbili, na bahasha ya pesa za chama ambazo mama ndiye aliyekuwa akiziweka.

Asubuhi tukaenda kituoni. Tukaulizwa: Walikuwa maafisa gani? Walijitambulisha? Gari nambari ngapi? Walichukua nini, na nani alitia sahihi? Hatukuwa na jibu hata moja. Nilipiga kelele usiku kucha, na asubuhi sikuwa na kitu mkononi. Simu na laptop zilirudi baada ya miezi. Pesa hazikurudi. Mama aliwalipa wenzake wa chama mia mbili mia mbili mpaka zikaisha.

Kwa hivyo nataka uondoke na jambo moja leo. Mlangoni hakuna hakimu. Usiku ule kazi yako si kushinda mabishano. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna mtu wa nyumbani anayeumia, na kwamba kila kilichotendeka kina alama ambayo asubuhi utaweza kuionyesha.

Sasa tuangalie sheria inasema nini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Mwili wako, nyumba yako na mali yako visipekuliwe, vitu vyako visichukuliwe, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Hiyo ndiyo kanuni. Anayetaka kuivuka lazima awe na sheria inayomruhusu.

Sheria ya kwanza ni ile ya taratibu za kesi za jinai, Sura ya 75, kifungu cha 118. Polisi anakwenda kwa hakimu, anaapa, na anaeleza kosa ni lipi, anatafuta kitu gani, na kwa nini anashuku kiko mahali fulani. Hakimu akiridhika anatoa waranti kwa maandishi. Kwa hiyo waranti ni karatasi ya kutafuta kitu, mahali. Ukionyeshwa, soma: Ni ya korti gani? Ina sahihi? Nyumba iliyotajwa ni hii yenu au ni ya jirani? Wanatafuta nini?

Kifungu cha 119 kinazungumzia saa. Waranti yaweza kutekelezwa siku yoyote, hata Jumapili, lakini kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Usiku ni mpaka korti yenyewe iwe imeruhusu saa yoyote ndani ya waranti hiyo. Basi ukiletewa karatasi saa nane za usiku, tafuta ruhusa hiyo imeandikwa wapi.

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi, na wengi mtaani bado wanakosea. Si kweli kwamba bila waranti polisi hawezi kuingia kabisa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inamruhusu katika hali fulani. Kifungu cha 57 kinazungumzia mtu aliyetolewa waranti ya kukamatwa, au anayeshukiwa kwa msingi kuwa ametenda kosa ambalo polisi anaweza kumkamata bila waranti, na inaaminika yumo ndani. Kifungu cha 60 kinazungumzia ushahidi unaohitajika, pale ambapo kungojea waranti kutaharibu uchunguzi.

Lakini mlango huo una masharti yake. Chini ya kifungu cha 60 afisa aandike sababu zake na maelezo ya kitu anachokitafuta kabla ya kuingia. Awe na cheti chake cha kazi na akuonyeshe ukimuomba. Akichukua kitu, aandike hapo hapo ni nini, kisha kipelekwe kwa hakimu bila kuchelewa. Na zile kanuni za upekuzi wa waranti zatumika hata kwenye upekuzi huu usio na waranti. Kukosa waranti si ruhusa ya kufanya atakavyo.

Kwa hivyo wakigonga, fanya hivi.

Kwanza, tulia. Mikono ionekane, watoto na wazee wakae sehemu moja. Usisukumane na mtu, usizuie mlango kwa mwili wako. Kumzuia afisa kazini ni kosa la jinai. Usiwape sababu ya kukushtaki kwa kosa ambalo hukuwa nalo dakika tano zilizopita.

Pili, uliza kwa adabu, kwa sauti ambayo wa nyumbani wote wataisikia: "Afande, naomba kuona kitambulisho chako. Mnatoka kituo gani? Mna waranti? Mnatafuta nini?" Hata wakikataa kujibu, umeuliza na mashahidi wamesikia.

Tatu, sema mara moja tu: "Sijakubali upekuzi huu, lakini sitawazuia." Sentensi hii iweke kichwani. Ukisema "ingieni tu", kesho wataambia korti uliwaruhusu.

Nne, waombe wapekue chumba kimoja kimoja, na mtu wa nyumbani awepo katika kila chumba. Vitu vidogo hupotea, na vitu vidogo huongezeka. Mwenye kuweza kurekodi bila kuwaingilia, arekodi kwa mbali. Akiambiwa aweke simu chini, aiweke.

Tano, orodha. Kila kinachotoka kiandikwe, pamoja na nambari ya simu au laptop ikiwa ipo, na pesa zihesabiwe mbele yako. Soma kabla ya kutia sahihi. Kama kuna kitu ambacho hakikutoka nyumbani mwenu, usitie sahihi, au andika hapo hapo kwamba hukitambui. Wakikataa kuandika, andika wewe mara wanapotoka, na saa uiandike.

Mama zangu na dada zangu, hili ni lenu. Kifungu cha 27 cha ile Sura ya 75 kinasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa stara. Si fadhila, ni sheria. Sema: "Naomba afisa wa kike." Na ukitaka dakika moja ya kujifunika kabla wanaume hawajaingia chumbani, iombe bila kuona haya.

Vijana wa maskani, barabarani polisi ana uwezo wa kukusimamisha na kukusachi, lakini awe na shuku yenye msingi. Kanzu si msingi. Ndevu si msingi. Kukaa kibarazani na wenzako si msingi. Hata hivyo usikimbie, maana kukimbia kwatafsiriwa vibaya, na wapo waliokufa hivyo. Muulize: "Nimekamatwa, ama niko huru kwenda?"

Na simu? Kuishika simu ni jambo moja, kuyafungua yaliyo ndani ni jingine. Ile sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta na mitandao, kifungu cha 48, yamtaka afisa aende kortini kuomba waranti ya data. Ukiambiwa "fungua", jibu: "Naomba nizungumze na wakili kwanza."

Akikamatwa mtu, kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wikendi ama sikukuu. Familia ifuate gari, ijue ni kituo kipi.

Kisha asubuhi. Nenda kituoni kabla hujalala. Eleza, na usitoke bila nambari ya OB. Aliyepigwa aende hospitali na karatasi zake azihifadhi. Peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Tuletee nasi nakala. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini haki yako ikivunjwa, na kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Kifungu cha 50 nacho kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa nje kama kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki. Yote hayo yanahitaji ile orodha, yale majina, ile saa uliyoandika.

Wapo watakaosema haya ni ya vitabuni. Nawaelewa. Mwaka 2014 hatujausahau. Tuliona Masjid Musa mwezi wa Februari, tukaona watu wakijazwa Kasarani mwezi wa Aprili, tukaona misikiti ya hapa Mombasa ikifungwa Novemba. Lakini kumbuka pia kilichofuata. Desemba mwaka huo ilipitishwa sheria mpya ya usalama, watu wakaenda kortini na karatasi zao, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8 vya sheria hiyo. Korti hazitupi kila tunachotaka, lakini asiyekwenda na kitu hapati kitu.

Polisi nao wana kazi, na wapo wahalifu wanaotuumiza sisi wenyewe humu mitaani. Hatuwakatazi kazi. Twawaambia wabishe hodi kama sheria ilivyowafunza.

Usiku wa leo, kabla hamjalala, kaeni na wa nyumbani dakika kumi. Amueni nani atauliza maswali, nani atakaa na watoto, nani ataandika. Nambari ya wakili iandikwe ukutani, si kwenye simu peke yake, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Kwetu sasa imeandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa mkono wa mama mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.