Askari wa mwili wakigeuka

Wiki hii nawaomba tuwazungumzie wazee wetu wanaotetemeka.

Pale Nyamisati, wanakopandia boti wasafiri wa Mafia, na katika vijiji vyote vya delta ya Rufiji, maisha ni mikono. Mkono ndio unaopiga kafi, unaoshona nyavu, unaovuna mpunga na kusafisha kamba. Sasa mfikirie mzee ambaye mkono wake umeanza kutetemeka hata akiwa ameulaza juu ya paja. Hatua zake zimekuwa fupi, viungo vimekakamaa, sauti imefifia, uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Majirani watasema nini? Mmoja atasema ni uzee. Wa pili atasema amerogwa. Wa tatu, asiye na haya, atasema mzee kalewa. Ni nani atakayesema kwamba mzee huyu anaumwa?

Ugonjwa huo una jina. Unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe za neva zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mwendo wa viungo. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa kidogo kidogo. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa huwa imekwisha kupotea.

Zinauawa na nini? Wataalamu wanataja mambo kadhaa: umri, urithi, sumu kama baadhi ya dawa za kuulia wadudu, na protini iitwayo alfa-sinukleini ambayo hujikunja vibaya na kuganda ndani ya chembe. Lakini yuko mshukiwa mwingine ambaye hatukumtegemea, naye ni kinga yetu wenyewe.

Tangu kampeni za UKIMWI tumefundishwa kwamba mwili una askari wake, yaani chembechembe nyeupe za damu. Ubongo nao una walinzi wake wa ndani, waitwao maikroglia. Kwa kawaida ni walinzi wema. Huzoa takataka, hula chembe zilizokufa, na hutoa vitu vinavyozisaidia neva kuishi. Hata hivyo, mwaka 1988 watafiti wa Vancouver, Kanada, walieleza kwamba katika ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson waliwakuta walinzi hao wamechachamaa, tena mahali palepale neva zilipokufa. Kisha mwaka 2017 watafiti wa New York na California walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, askari wa damu waitwao chembe T huitambua ile alfa-sinukleini kana kwamba ni adui aliyevamia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Je, dawa ni kuwafukuza askari wote? Hapana. Nyumba isiyo na mlinzi huibiwa. Tena miongoni mwa chembe T wako wengine ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao, mithili ya mzee wa baraza anayeamua ugomvi. Huko Nebraska, Marekani, watafiti wamejaribu dawa ya kuwaongeza watulizaji hao kwa kundi dogo la wagonjwa, na taarifa ya kwanza ilitolewa mwaka 2017. Huo ni utafiti, bado si tiba ya kuandikiwa hospitali.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Siku hizi wapo wauzaji, sokoni na kwenye vyombo vya usafiri, wanaonadi chupa za "kuongeza kinga" kwa kila maradhi. Kwa mgonjwa wa Parkinson, kinga haikosi wingi, inakosa nidhamu. Ukiwa na mgambo anayechoma nyumba kwa kumfukuza nyoka, humwongezei kiberiti. Fedha ya mpunga au ya kamba isiishie kwenye chupa hiyo.

Dawa inayofahamika ipo. Ni levodopa, ambayo ikifika katika ubongo hugeuka kuwa dopamini. Haiponyi, lakini humrudishia mgonjwa mwendo, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Mbegu za upupu, huu huu unaowasha, nazo zina levodopa. Lakini kipimo chake hubadilika mbegu kwa mbegu, kwa hiyo asitokee mtu akamtwangia babu yake upupu nyumbani. Na anayetumia levodopa asiiache ghafla bila shauri la daktari.

Tatizo letu kubwa ni kwamba mgonjwa hatambuliwi. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba hadi nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000. Taarifa yao ya mwaka 2008 inasema walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao. Hai kuna barabara na hospitali za miaka mingi. Itakuwaje kwa mzee wa kisiwani, ambaye lazima angoje maji yajae ndipo mtumbwi utoke?

Kwa hiyo mganga wa zahanati azijue dalili hizi, ampe mgonjwa barua ya rufaa. Wenye dhamana ya dawa wahakikishe levodopa haimlazimu mzee wa delta kuifuata Dar es Salaam kila mwezi. Nasi wenye wazazi, tuache kuuliza nani kamroga. Wataalamu waendelee kuwatafutia askari wa mwili nidhamu. Kumpeleka mzee hospitali hakungoji utafiti huo umalizike.