Kila Dola Ijieleze: Msimamo wa Seneta Tom Coburn kuhusu Matumizi na Kanuni za Serikali ya Marekani



Seneta mhafidhina wa Marekani akitajwa katika habari zetu, huelezwa kwa neno moja tu: anataka kupunguza. Apunguze nini, kwa njia gani, na nani aumie, hayo mara nyingi hatuyaandiki. Leo naomba tumtazame mmoja wao kwa karibu. Tom Coburn, Mrepublican wa Oklahoma, alikuwa daktari wa uzazi mjini Muskogee. Aliingia Bunge la Wawakilishi mwaka 1995, akaondoka 2001 kwa sababu alikuwa ameahidi vipindi vitatu tu, kisha akaingia Seneti 2005. Mwanzoni mwa 2015, akiugua saratani, aliachia kiti miaka miwili kabla ya muda wake kwisha. Alifariki Machi 2020.

Hoja yangu ni hii. Kwenye matumizi ya fedha za umma, Coburn aliacha urithi ambao hata waliompinga wanautumia mpaka leo, nao ni uwazi. Kwenye kanuni za kulinda afya za watu, kipimo kilekile cha kutaka kila dola ijieleze kilimpotosha.

Tuanze na daraja. Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya barabara iliyosheheni maelfu ya miradi iliyoombwa na wabunge mmoja mmoja kwa ajili ya majimbo yao. Mmoja ulitengewa dola milioni 223 za kuunganisha mji wa Ketchikan, Alaska, na kisiwa cha Gravina, chenye uwanja wa ndege na wakazi wapatao 50. Kivuko kilikuwapo na kilikuwa kinafanya kazi. Agosti mwaka huohuo kimbunga Katrina kiliharibu daraja la barabara kuu juu ya ziwa Pontchartrain, Louisiana. Oktoba Coburn akaleta marekebisho: fedha za Gravina zihamishiwe Louisiana. Ted Stevens, seneta wa Alaska aliyekuwa mkongwe kuliko Warepublican wote wa Seneti, alisimama akatishia kujiuzulu. Kura zikapigwa: 82 walikataa, 15 waliunga mkono.

Alishindwa vibaya, na waliomwangusha walitoka vyama vyote viwili. Lakini mjadala ule ulilifanya daraja kuwa gumzo la nchi nzima. Halikujengwa. Mwaka 2011 Bunge lilisimamisha kabisa utaratibu wa kutenga fedha kwa maombi ya mbunge mmoja mmoja, na liliporejesha miaka kumi baadaye, kila ombi lilichapishwa pamoja na jina la aliyeomba.

Mwaka 2006 Coburn aliungana na seneta kijana wa Illinois, Mdemocrat Barack Obama, kuandika sheria inayoilazimisha Serikali kuweka hadharani, kwenye intaneti, mikataba na ruzuku inazotoa. Kuna seneta aliyeuzuia mswada huo kwa siri. Wananchi na waandishi wakaanza kupiga simu ofisi za maseneta, moja baada ya nyingine, wakiuliza: ni ninyi? Stevens akabainika. Rais George W. Bush alitia saini Septemba, na tovuti ya USAspending ikafunguliwa Desemba 2007.

Baadaye akaongeza kifungu kinachoitaka ofisi ya ukaguzi ya Bunge kutoa kila mwaka ripoti ya programu za Serikali zinazorudiana. Ripoti ya kwanza, ya Machi 2011, ilikuta programu 82 za kuinua ubora wa walimu zikiendeshwa na taasisi 10, na programu 47 za ajira na mafunzo ya kazi. Sidhani kama kuna mtu wa mrengo wowote anayeweza kuzitetea hesabu hizo.

Kinachonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba hakuchagua wa kuumia. Julai 2011 alitoa mpango wa kupunguza nakisi kwa dola trilioni 9 ndani ya miaka kumi, na jeshi, ambalo wahafidhina wengi hawaligusi, lilikuwamo. Mwezi mmoja kabla, aliongoza pamoja na Mdemocrat Dianne Feinstein jitihada za kufuta nafuu ya kodi ya senti 45 kwa kila galoni ya ethanoli inayochanganywa na petroli. Grover Norquist, mwanaharakati aliyewasainisha wabunge kiapo cha kutopandisha kodi, alimlaumu: kufuta nafuu bila kushusha kodi nyingine ni kupandisha kodi. Coburn alisema nafuu anayopewa mmoja ni matumizi yaliyopitia mlango wa nyuma. Nakubaliana naye. Tarehe 16 Juni kura zilikuwa 73 kwa 27, na nafuu yenyewe ikaisha mwisho wa mwaka.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2008 ulipofika wakati wa kuuhuisha mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, mswada uliondoa sharti la 2003 kwamba asilimia 55 ya fedha ziende kwenye matibabu. Coburn na maseneta wenzake wachache waliuzuia. Akiwa daktari, alihofia fedha zitaishia kwenye semina na ofisi huku wagonjwa wakikosa ARV. Wataalamu wengi hawakumuunga mkono. Taasisi ya tiba ya Marekani ilikuwa imependekeza mwaka 2007 kuondoa mafungu ya namna hiyo, ili kila nchi ipange kulingana na hali yake. Mwishowe walipatana: zaidi ya nusu ya fedha zinazotolewa nchi kwa nchi ziende kwenye matibabu na huduma kwa wanaoishi na VVU. Sheria ya dola bilioni 48 kwa miaka mitano, pamoja na malaria na kifua kikuu, ikasainiwa Julai. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi za kipaumbele. Mgonjwa aliyekuwa akichukua dawa Mbeya au Kisumu alikuwa na maslahi ya moja kwa moja katika ukaidi wa mtu wa Oklahoma, na sisi waandishi tulikuwa na wajibu wa kumweleza hivyo.

Upande wa kanuni, mambo ni tofauti. Mwaka 2010 Coburn aliuzuia kwa miezi mswada wa usalama wa chakula. Alisema unagharimu dola bilioni 1.4 zisizo na chanzo, na kwamba mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haitumii hata madaraka iliyo nayo. Hoja ya pili ilikuwa na ukweli nusu. Katika mkasa wa karanga zenye salmonela wa 2008 na 2009, uliohusishwa na vifo 9 na wagonjwa zaidi ya 700, wakaguzi walikuwa wamepita kiwandani. Lakini ili kupata matokeo ya vipimo vya kampuni yenyewe, FDA ilibidi itumie sheria iliyotungwa dhidi ya ugaidi wa vimelea. Na haikuwa na uwezo wa kuamuru chakula kama hicho kiondolewe sokoni; iliweza kuomba tu. Pengo hilo halizibwi kwa bidii ya kazi, linazibwa kwa sheria. Seneti ilipitisha mswada kwa kura 73 dhidi ya 25. Gharama ya kanuni huonekana kwenye kitabu cha bajeti. Mtoto ambaye hakuugua haonekani popote, na Coburn, daktari, alipaswa kumhesabu.

Desemba 2014, siku zake za mwisho Seneti, alizuia pia mswada wa kuzuia askari wastaafu wasijiue, wa dola milioni 22 kwa miaka mitano, akisema unarudia programu zilizopo. Alipoondoka, ulipita haraka na ukawa sheria Februari 2015.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kipindi cha mchana naomba kila kundi lifungue USAspending, lichague Tanzania kama mahali pa utekelezaji, lichukue ruzuku moja ya afya ya mwaka wowote, kisha litafute ni nani aliyeipokea na ilipewa kazi gani.