Mawazo Mengi Si Wazimu

Leo tunazungumza nawe uliyekimbia vita vya Sake au Masisi ukaacha shamba na nyumba. Usiku mlango ukigongwa, moyo unadunda, usingizi unakatika. Unajiuliza: "Nimerogwa? Ninapata wazimu?"

Hapana. Mwili uliokukimbiza siku ya risasi ungali kwenye zamu.

Lakini imani yetu inaweza kuongeza taabu ya pili. Anayeamini kwamba ameharibika anaona haya, anajificha, na huzuni inazidi. Anayejua kwamba ni alama ya vita anathubutu kumwambia jirani, na mzigo unapungua.

Huzuni ikikaa majuma mawili, karibu kila siku, hata kucheza na watoto hakukufurahishi tena, huenda ni ugonjwa, nao unatibiwa. Nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujiua, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo.

Nanyi machifu, wachungaji na mama viongozi, msiseme tu "jikaze". Kaeni naye, msikilizeni, msindikizeni kituoni.

Jioni hii, pitia kwa jirani yako aliyenyamaza.