Kipya Kinyemi, Ila cha Zamani Usikitupe



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda hicho kimempata dada yangu, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita alifungiwa ruta mpya, kile kisanduku kinachogawa intaneti ya waifai. Simu yake mpya ilishika mara moja. Printa yake, aliyoinunua mwaka 2012 na ambayo ndiyo iliyowasomesha wanawe wawili, ikagoma. Fundi akaitazama, akatikisa kichwa. "Mama, hii imepitwa na wakati, nunua nyingine." Dada akaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba chao.

Jumapili nikaenda. Mimi si fundi, lakini miaka niliyokaa studio imenifunza jambo moja: kabla hujaitupa redio, hakikisha umeifungulia kwenye masafa yake.

Na waifai nayo ni redio. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi zaidi, ila hayapenyi kuta vizuri kama yale ya 2.4. Vyombo vingi vya zamani husikia 2.4 peke yake. Ruta mpya zikiyapa masafa yote mawili jina moja, baadhi ya vyombo hivyo huchanganyikiwa.

Jambo la pili ni kufuli. Mwaka 2018 ilitoka kufuli mpya iitwayo WPA3. Vyombo vilivyotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida vinaijua WPA2, ya mwaka 2004. Ruta ikipangwa ikubali WPA3 tu, printa ya mwaka 2012 itabaki barazani ikibisha hodi, hata kama neno la siri ni sahihi.

Tulifanyaje? Chini ya ruta palikuwa na kibandiko chenye anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Tukaingia kwa simu, tukayapa masafa ya 2.4 jina lake na kufuli ya WPA2. Yale ya 5 tukayaachia WPA3. Kisha tukaiandikia printa jina jipya na neno la siri. Ikanguruma, ikatoa karatasi. "Mdogo wangu," dada akasema, "na mimi nilikwisha kuizika!"

Lakini nisieleweke vibaya. Si kila cha zamani ni cha kuhurumiwa. Kama chombo chako kinajua kufuli ya WEP tu, usishushe ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili yake. Tangu mwaka 2001 wataalamu walionyesha kuwa kufuli hiyo huvunjika. Kiunganishe kwa waya, kama kina tundu lake. Na simu kuukuu isiyopokea tena masahihisho ya usalama, usiitumie kwa mambo ya fedha.

Kwenu mafundi nina ombi moja. Kabla ya kumwambia mtu anunue, fungueni mipangilio mtazame. Dakika kumi zenu zingemwepusha dada yangu na wasiwasi wa juma zima, na wako wengine ambao mkopo wamekwisha kuuchukua.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.