Kulala jangwani: Wahiba au Rub al-Khali?

Wengi wetu tuna jamaa Maskati, na mgeni akifika huko huambiwa asirudi bila kulala jangwani. Swali ni jangwa lipi.

La karibu ni Wahiba, ambalo siku hizi huitwa Mchanga wa Sharqiya. Liko kama kilomita 200 kutoka Maskati, lami hadi mji wa Bidiyah. Matuta yake hufikia mita 100 hivi. La mbali ni Rub al-Khali, ambalo Oman inachangia na Saudia, Yemen na Falme za Kiarabu. Huko matuta mengine hupita mita 200, lakini wengi huingilia Salalah, kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati.

Jina kubwa huvuta watu. Hata hivyo, mwenye usiku mmoja aende Wahiba. Utamu wa jangwa ni magharibi na alfajiri. Anayeshinda njiani hufika gizani na kuondoka amechoka. Tena Wahiba wanaishi Mabedui, hivyo gari likizama mchangani msaada haupo mbali. Rub al-Khali, gari moja likikwama, roho za watu zimo hatarini. Atakaye huko atenge siku kadhaa, magari mawili na dereva mwenyeji.

Popote uendapo, chagua Novemba hadi Machi, maana katikati ya mwaka joto hupita nyuzi 40. Beba maji mengi, na sweta ya usiku. Matairi yapunguzwe upepo kabla ya kuingia mchangani.

Jangwa halihami, ukilikosa safari hii, utalikuta. Hadi wiki ijayo, kwaherini.